Matundu Thelathini na Saba

Chombo cha shaba kilicho kando ya sinki langu hakivuji. Nalisema mapema, kwa sababu mtaani linasemwa lingine: kwamba marehemu mume wangu, fundi bati aliyejulikana mji mzima kwa jina la Halivuji, mikono ilimwishia mwaka wake wa mwisho, akamwachia mkewe kitu kinachodondosha maji kama pua ya mtoto mwenye mafua. Maneno hayo nimeyasikia kwa fundi cherehani. Nimeyasikia kwenye foleni ya zahanati. Mara ya tatu yamekuja hadi mlangoni kwangu, yamevaa nguo ya pole.

Chombo kile kina matundu thelathini na saba. Yote yalitobolewa makusudi, na aliyeyatoboa ni yeye mwenyewe, akiwa na akili zake timamu na miwani yake puani. Chombo kinachovuja ni kimoja na chombo kilichotobolewa ni kingine, na kuikubali tofauti hiyo kulimchukua mume wangu wiki tano. Nilikuwapo. Nitaeleza mara moja tu.

Jina la Halivuji hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu ndilo neno pekee alilosema anapokabidhi tangi. Mafundi wengine hukabidhi kazi kwa hotuba: likizingua nipigie, nitakuja, mimi na wewe ni ndugu. Yeye aliligonga tangi mara moja kwa kiganja, akasema, "Halivuji," kisha akatoa gazeti.

Hilo gazeti ndilo lililokuwa saini yake. Kila chombo alichokitengeneza, kiwe tangi la lita elfu au kopo la kuchotea maji, alikijaza maji hadi ukingoni, akakiweka juu ya gazeti lililokunjuliwa, akakiacha mpaka asubuhi. Asubuhi alikiinua na kulitazama gazeti kama daktari anavyotazama picha ya mapafu. Likiwa na doa hata la ukubwa wa mbegu ya ufuta, chombo kilirudi kwenye meza ya kulehemia. Likiwa kavu, alilikunja mara nne, akaandika tarehe kwa penseli pembeni, akampa mteja pamoja na chombo chake. Kuna nyumba katika mji huu ambamo magazeti hayo yamehifadhiwa pamoja na hati za kiwanja.

Nilimjua kwa sababu ya birika. Nilikuwa mwalimu mpya wa sayansi kimu, cheti changu bado kinanukia wino, na birika kubwa la chumba cha walimu lilikuwa limeshazibwa na mafundi watatu na bado linalia. Akaitwa yeye. Aliziba, akalijaza maji, akalitandikia gazeti mezani, akachukua mfuko wake wa zana aondoke.

"Fundi," nikamwambia, "unaacha kazi yako hapa mpaka kesho? Huogopi kuibiwa?"

"Naogopa kuitwa mara ya pili, Mwalimu," akajibu.

Kesho yake gazeti lilikuwa kavu. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimefika shuleni mapema kuliko siku zote.

Baba yangu hakufurahi. Alikuwa ameuza vitu viwili vitatu ili nisome, na alikuwa na picha yake kichwani ya mkwe mwenye tai.

"Nimekusomesha miaka yote hiyo," akasema, "ukaolewe na kelele?"

"Baba, kelele za huyu huisha saa kumi na moja jioni," nikamwambia. "Za wanaume wengine ndipo huanza."

Mama alitoka nje akacheke vizuri. Baba alijizuia, lakini mabega yalimsaliti. Miaka miwili baadaye mkwewe alimtengenezea tangi la maji ya mvua. Baba alipofariki, tulilikuta gazeti la tangi lile ndani ya sanduku lake la vyeti, chini ya nakala ya cheti changu cha ualimu. Halikuwa juu yake, lakini ndani ya sanduku lilikuwamo.

Miaka arobaini na miwili mume wangu alifanya kazi ya kuzuia maji yasitoke. Ni vizuri msomaji alishike hili, kwa sababu ndilo kiini cha habari yote. Hakutengeneza chujio. Hakutengeneza kopo la kumwagilia maua, lile lenye kichwa cha matundu. Mteja akitaka vitu hivyo, alimwelekeza kwa fundi wa barabara ya nyuma, kwa adabu, kama mtu anayekuelekeza choo kilipo. Kwake tundu lilikuwa aibu ya fundi, sawa na kosa la tahajia ubaoni kwa mwalimu.

Nilipostaafu tukajenga jiko la ndani. Kwa miaka mingi vyombo vilioshwa uani, kwenye mabeseni mawili, la sabuni na la kusuuzia, na mgongo umeinama kama ndoano. Sasa nikawa na sinki la chuma kisichoshika kutu, bomba lenye shingo ndefu, vigae vyeupe ukutani na dirisha la kutazama uani nikiwa wima. Nilisimama mbele ya sinki lile siku ya kwanza nikaosha kikombe kimoja mara tatu.

Lakini sinki lilikuja na aibu yake. Uani, sifongo ilitupwa ukutani ikakaukia juani na hakuna aliyeitazama. Ndani, kila kitu kilikuwa mbele ya macho ya mgeni. Sifongo ikalala kwenye kisahani, ndani ya maji yake. Sabuni ya kipande ikakaa juu ya kifuniko cha mkebe ikigeuka uji. Waya wa kusugulia masufuria ukaacha duara la kutu kwenye kigae cheupe, na duara hilo nililisugua mpaka kucha zikaniuma. Brashi ya chupa ilikuwa ikianguka nyuma ya bomba mara nne kwa siku. Nikajaribu kopo la plastiki lililokatwa, likawa linapinduka. Nikajaribu birika la udongo lililovunjika mfuniko, zuri la kupendeza, lakini mkono hauingii. Nikajaribu kikapu; kikaota ukungu chini. Mimi, niliyefundisha vizazi vitatu vya watoto wa watu kwamba kifaa cha kuoshea nacho huoshwa na hukaushwa!

Mambo yalifika mwisho siku alipokuja wifi yangu, dada yake mume wangu. Wifi huyu ana ulimi ambao ungeweza kukata bati bila mkasi. Aliingia jikoni, akasifu sinki, akasifu vigae, kisha akainusa sifongo yangu kwa mbali.

"Wifi," akasema, "wewe si ndiwe mwalimu wa usafi?"

"Ndimi."

"Basi mbona kitu hiki kinanuka kama soksi za kaka yangu?"

"Soksi za kaka yako nilizirithi kutoka kwenu," nikamjibu. "Sifongo ni yangu, na nitaishughulikia."

Tulicheka, lakini neno lilikuwa limeniingia. Alipoondoka nilimwendea mume wangu karakanani, jambo nisilolifanya mara nyingi, kwa sababu karakana ilikuwa darasa lake. Nikamweleza ninachotaka: kitu kimoja cha kukaa kando ya sinki, kibebe sifongo, sabuni, waya na brashi, kila kimoja na nafasi yake, na ufito wa kutundikia kitambaa cha kukaushia. Kiwe cha kufaa. Nikaongeza, kwa sauti ndogo, kiwe kizuri pia.

"Kizuri kiasi gani?" akauliza.

"Kiasi cha kumfunga mdomo dada yako."

"Hapo Mwalimu unataka dhahabu," akasema, na akaanza kuvuta kitu kutoka nyuma ya kabati.

Kilikuwa kipande cha shaba nyekundu, kilichotoka kwenye hita ya maji ya hoteli ya zamani iliyobomolewa. Alikuwa amekiweka miaka kumi na mmoja akisubiri kazi inayostahili. Binti yetu wa mwisho, aliyesomea ufundi chuoni akarudi kufanya kazi na baba yake, alishangaa. "Baba, hiyo si ulisema haiguswi?"

"Nilisema hivyo kabla sijajua kazi yake, mama," akamjibu. Mabinti zake wote aliwaita mama.

Alikitengeneza kwa wiki tatu, katikati ya kazi za wateja. Hapa ndipo niseme juu ya mikono yake, kwa sababu ndiyo inayosemwa. Ni kweli mikono ilikuwa imeanza kutetemeka. Ikishika kikombe cha chai, kikombe kilipiga kelele kwenye kisahani, na nikazoea kumjazia nusu. Lakini ikishika nyundo ilitulia tuli. Daktari hakuweza kunieleza kwa nini, na mimi sikuwa na haja ya maelezo. Niliona.

Chombo kilipokuja jikoni nilifuta mikono mara mbili kabla ya kukigusa. Kilikuwa na vyumba vinne: cha mraba cha sifongo, kifupi cha sabuni, cha mviringo cha waya, na kirefu cha brashi, kama ala ya kisu. Mgongoni kulikuwa na ufito wa kitambaa. Ukingo ulikuwa umekunjwa juu ya waya ili usikate mkono. Kilikuwa kimesuguliwa mpaka nikaliona dirisha ndani yake. Akakigonga kwa kiganja.

"Hakivuji," akasema, na akanipa gazeti lililokunjwa mara nne. Kavu kabisa. Kila chumba alikijaza maji, na hakuna hata tone lililotoka.

Msomaji mwenye sinki ameshaelewa. Mimi nilielewa siku ya tatu. Sabuni ilikuwa uji tena, ila sasa ilikuwa uji ndani ya shaba. Waya ulikuwa umezama kwenye maji mekundu ya kutu. Sifongo ilinuka kuliko zamani, kwa sababu zamani ilikuwa na kisahani chenye hewa pande zote, na sasa ilikuwa na chumba kilichojengwa na fundi asiyeruhusu maji kutoka. Mume wangu alikuwa amenitengenezea matangi manne madogo.

Ningeweza kusema polepole. Sikusema polepole. Nilimwita jikoni, nikamwonyesha kwa kidole, na nikamweleza kama ninavyomweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mbele ya binti yake.

"Fundi, kitu chenye maji kinahitaji kutiririka na kinahitaji hewa. Hiki kinahitaji matundu chini."

"Kinahitaji nini?"

"Matundu."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia amng'oe mtoto meno yasiyouma.

"Mwalimu, miaka arobaini na miwili naziba matundu. Leo, uzeeni, nyumbani kwangu, unaniambia nitoboe?"

"Nakwambia sabuni inayeyuka."

"Basi kosa ni la sabuni."

Akatoka. Na mimi nikabaki nimesimama na kidole changu, nikijua kwamba nimekosea. Nilichosema kilikuwa sahihi. Nilikosea kwa namna nilivyokisema na kwa mtu niliyekuwa nimemsimamisha pembeni asikie.

Kisha likafuata jambo ambalo hakuna jirani aliyeliona, na kama angeliona asingesema aliyoyasema. Kila baada ya mlo, nikimaliza kuosha vyombo na kuondoka, mume wangu aliingia jikoni. Alitoa sifongo akaikamua. Alitoa waya akaukung'uta. Alikiinua kile chombo kwa mikono miwili, akamwaga maji sinkini, akakifuta ndani kwa kitambaa, chumba baada ya chumba, akarudisha kila kitu mahali pake. Mara tatu kwa siku, wiki tano. Hakuniambia, nami sikumwambia kwamba ninajua. Mtu asiyemjua angesema ni ukaidi. Ulikuwa ukaidi, ndiyo, lakini ukaidi uliokuwa umejipa kazi ya kuosha ili mimi nisinuse kitu kibaya.

Aliyemtoa humo ni binti yetu. Siku moja walikuwa wanakunja mfereji wa paa, ule wa kukinga maji ya mvua, nami nilikuwa nimewapelekea chai. Binti akauliza, bila kuinua macho kwenye kazi:

"Baba, mfereji huu mdomo wa kutolea maji tuuweke upande gani?"

"Upande wa tangi. Swali gani hilo?"

"Tukiuacha bila mdomo je? Tuzibe pande zote."

"Utakuwa bwawa la mbu, mama."

"Kwa hiyo maji yakitoka kwenye ule mdomo, mfereji unavuja?"

Mume wangu akaiweka nyundo chini. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa mfereji, pale mdomo utakapokaa.

"Hapana," akasema mwishoni, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Kuvuja ni maji kupita usipoyaruhusu. Pale yanapita nilipoyaambia."

Binti alimeza tabasamu akaendelea kukunja bati. Nami nikaondoka na sinia langu kabla sijaharibu mambo kwa kusema neno.

Mchana ule ule mume wangu alikuja kukichukua chombo. Alikifanyia kazi siku nne. Kwanza alipima kila chumba kwa bikari na kutia nukta kwa msumari. Kisha akatoboa kutoka ndani kwenda nje, ili mdomo wa kila tundu uelekee chini na tone lising'ang'anie. Matundu kumi na mawili kwenye chumba cha sifongo, tisa cha sabuni, tisa cha waya, saba cha brashi. Wifi yangu huwaambia watu kwamba thelathini na saba ni miaka ya ndoa yetu. Ndoa yetu ilikuwa ya miaka arobaini na mmoja. Matundu ni thelathini na saba kwa sababu hayo ndiyo yaliyoenea.

Chini yake akatengeneza trei ya shaba iliyoinama kidogo, yenye mdomo mdogo kama wa birika, ili maji yakishuka yarudi sinkini na yasiguse kigae. Miguu minne midogo ikaacha hewa ipite. Akakileta. Nikaweka kila kitu mahali pake. Siku ya tatu nikainusa sifongo: haikunuka chochote. Sabuni ilikuwa ngumu kama kokoto ya mtoni. Waya ulikuwa mkavu. Siku ya kumi nikamwita wifi yangu aje kunywa chai, nikamwacha aingie jikoni peke yake. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alisema neno moja tu, "Haya," na mimi ninayemjua nasema hilo neno moja kwake ni hotuba.

Mume wangu alifariki mwaka uliofuata. Siku za msiba watu walijaa nyumbani, na wanawake wa mtaani wakaosha vyombo jikoni kwangu, jambo ninalowashukuru wote, hata huyu nitakayemtaja sasa. Jirani wa ukuta wa pili, tunayemwita Bi Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, ndiye aliyekuwa sinkini. Akaona matone yanashuka kutoka chini ya chombo cha shaba. Akasikitika. Akachukua kisahani, akakisukuma juu ya trei, chini ya matundu, kama mtu anayetega ndoo chini ya paa bovu. Nilikikuta jioni kimejaa maji. Sikuelewa. Nilidhani ni uzembe wa mtu tu.

Wiki sita baadaye ndipo nilipoelewa. Binti yangu, ambaye sasa karakana ni yake, aliingia jikoni akakaa bila kuvua viatu.

"Mama, shule ya bweni wamesimamisha matangi."

Yalikuwa matangi manne, kazi ya kwanza kubwa aliyoipata kwa jina lake mwenyewe.

"Kwa nini?"

"Mpishi mkuu amesema wanasubiri kwanza. Nikambana. Akasema amesikia kazi za mwisho za Baba zilivuja, hata nyumbani kwake mwenyewe, na aliyenifundisha ni nani kama si yeye." Akatazama kando ya sinki. "Mama, watu wanakisema hicho."

Ndipo nikakikumbuka kile kisahani.

Sikupiga kelele. Mtu akichafua jina la nyumba, ukipiga kelele unamsaidia kulipaka. Nilichukua simu nikampigia mpishi mkuu wa shule ya bweni, nikajitambulisha kwa cheo changu na kwa jina la mume wangu, nikamwomba aje nyumbani kwangu kesho yake saa nne asubuhi kutazama kitu. Kisha nikaenda ukuta wa pili.

"Jirani, kesho saa nne nina mgeni. Naomba uje."

"Kuna nini, Mwalimu? Kuna shughuli?"

"Kuna maji," nikasema.

Mpishi mkuu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mikono ya mtu aliyepika kwa ajili ya mamia. Bi Redio alikaa karibu na mlango, pa kuondokea. Nilijaza jagi, nikaitoa sifongo, nikamimina maji ndani ya chumba chake mbele yao. Yakashuka kwa mistari kumi na miwili iliyonyooka kama nyuzi kwenye kitanda cha mfumaji, yakagonga trei, yakatoka kwenye mdomo, yakaingia sinkini. Kigae hakikupata tone.

"Sasa tazama hili," nikamwambia.

Nikakunjua gazeti. Kwa sababu siku ile alipokileta chombo kwa mara ya pili, mume wangu hakuniletea chombo kitupu. Alikuwa amekijaza maji juu ya gazeti, bila trei, kama desturi yake, akaliacha gazeti likauke, akalikunja mara nne. Juu yake kulikuwa na alama za matone, makundi manne: kumi na mawili, tisa, tisa, saba. Kila tone na safu yake, ukubwa mmoja, kama nukta za daftari la hesabu. Pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko ambao ulitetemeka kidogo, nakiri, aliandika tarehe, na chini yake: *Matundu 37. Hakivuji.*

Mpishi mkuu aliinama akalisoma. Akahesabu kwa kidole safu moja. Akachuchumaa akachungulia chini ya chombo, akapapasa midomo ya matundu. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akaichukua sifongo yangu, akaipeleka puani, akavuta pumzi kwa nguvu zote.

"Hainuki," akasema.

"Ina wiki tatu," nikamjibu.

"Jikoni kwangu nina sifongo zaidi ya ishirini, mama. Zikitupwa mezani paka wanakimbia." Akairudisha mahali pake kwa heshima. Akamgeukia binti yangu. "Matangi yaendelee. Na hivi, unaweza kunitengenezea vingapi?"

"Shaba sina," binti yangu akasema. "Kwa bati, sita kwa mwezi. Nikipata nafasi."

Nilimpenda kwa lile *nikipata nafasi*. Alilisema kama baba yake.

Bi Redio alikuwa amesimama. "Mwalimu, kusema kweli mimi nilisema kwa huruma tu. Nilisema maskini, mzee wa watu, mikono yake..."

"Huruma yako nimeiona, jirani. Ilijaa maji. Kisahani chenyewe nimekiosha, ni changu, kinabaki. Maneno ndiyo yako, na hayo naomba uyafuate kila ulikoyapeleka uyarudishe."

Ameyafuata, nasikia. Hayarudi yote, maneno hayana kamba, ndiyo maana nimeandika. Mwezi uliopita alikwenda karakanani kuagiza chombo kama changu. Binti yangu aliniuliza tufanyeje. Nilimwambia amwandike mwishoni mwa orodha, kwa bei ile ile ya kila mtu, na ampe gazeti lake.

Kwa sababu karakana ile sasa inatoa magazeti ya aina mbili. Tangi linatoka na gazeti kavu. Chombo cha kando ya sinki kinatoka na gazeti lenye matone, yaliyohesabiwa na kuandikwa kwa penseli. Nimeyapitia mwenyewe magazeti sita ya kwanza, kwa miwani, kama nilivyokuwa nikisahihisha mitihani. Moja lilikuwa na safu iliyopinda. Lilirudi mezani.

Wamebaki wale wanaotaka kujua mengine. Wananiuliza alisema nini mume wangu siku ile alipokiweka kile chombo kando ya sinki na kunikabidhi lile gazeti la pili, kwa kuwa binti yangu, aliyekuwa mlangoni, amewaambia kwamba alisema kitu kirefu kuliko neno lake moja la siku zote, na kwamba mimi nilikaa chini. Wifi yangu ameuliza kwa utani, kisha kwa kubembeleza, kisha kwa kununa. Ni kweli alisema. Ni kweli nilikaa chini.

Aliyasema jikoni kwangu, aliniambia mimi, na hapo ndipo yanapobaki. Asiniulize mtu tena.